Siri ya Kundi la Wanaobaki

Simu ilitetemeka mara moja tu kifuani mwa Gaone, ndani ya gauni jeusi, wakati ameinamia beseni akifua sare za mwanawe. Alijifuta povu, akaupa ua mgongo, akaitoa. Alitegemea neno la Randa, ingawa yeye mwenyewe tangu juzi hakuwa amepata upenyo wa kumjibu. Kila asubuhi Randa alimwandikia jambo dogo: ubao umempasukia, mwanafunzi amejipiga nyundo kidoleni, umeamkaje Jivu wangu.

Haikuwa Randa. Alikuwa Bibi wa Kisima.

"Nimekujua wewe ni nani. Usiandike tena."

Gaone alisoma, akasoma tena, na povu likamkaukia vidoleni.

"Nani huyo anayekutafuta asubuhi yote hii?"

Aliyeuliza ni Shangazi Kebonang, dada wa marehemu baba mkwe wake. Alikaa kitini kivulini akichambua mboga, lakini macho yake hayakuwa kwenye mboga.

"Ni matangazo tu, Shangazi. Wanauza vocha."

"Vocha! Wajane wa zamani tulikuwa tunaongea na ukuta. Ninyi mnavaa nyeusi nje, ndani mmewasha taa."

"Kebonang, mwache mtoto afue," alisema mama mkwe wake, MmaModisa, bila kuinua uso kwenye sufuria ya uji.

"Kwani nimemshika mikono? Afue. Mimi nazungumza na mboga."

Gaone alirudi kwenye beseni. Alisugua kola ile ile mpaka vifundo vya vidole vikamwuma. Nimekujua. Nani mwingine anajua? Tangu lini?

Mumewe, Modisa, alifariki Desemba, gari lilipogonga ng'ombe aliyelala barabarani. Tangu siku hiyo Gaone alikuwa chini ya macho ya ua ule wa kijiji cha Tlokweng. Akilia sana, walisema anajionyesha. Asipolia, walisema moyo wake mkavu. Ndipo alipolipata kundi la Wanaobaki. Lilikuwa kundi la mtandaoni la watu waliofiwa, na sharti lake lilikuwa moja: hakuna jina la kweli, hakuna picha ya uso. Yeye alijiita Jivu. Mtu wa kwanza kumjibu alikuwa Bibi wa Kisima, mama mtu mzima aliyefiwa na mtoto. Alimwambia aweke kikombe cha maji kando ya kitanda, maana anayelia hukaukiwa. Gaone alimpenda kwa kikombe hicho. Alimweleza kila kitu.

Na kila kitu kilikuwa pamoja na Randa. Randa alikuwa mwalimu wa useremala kutoka Kanye, aliyefiwa na mkewe miaka kadhaa nyuma. Walianza kwa kupeana pole. Baadaye pole zikaisha na maneno yakabaki, humo humo kundini. Hawakuwahi kuonana, lakini yalikuwapo maneno ambayo Gaone aliyasoma ameuma shuka.

Nguo nyeusi zilikuwa bado hazijavuliwa. Familia ya mume ndiyo humvua mjane, kwa siku wanayoipanga wao, na kabla ya siku hiyo mjane hana mwanamume, hata wa maneno. Gaone alijua adhabu yake. Ng'ombe wa mahari walitolewa wote, kwa hiyo Wame, binti yake wa miaka minne, alikuwa mtoto wa ua ule. Yeye angerudishwa kwao Molepolole na sanduku lake. Wame angebaki.

"Mama," alisema alipomaliza kuanika, "naomba niende kwa Seabe. Simu haishiki chaji."

MmaModisa alimtazama. Halikuwa jicho la hasira wala la upole.

"Nenda. Usikawie njiani."

*

Seabe, binamu yake, alikuwa na kibanda cha simu mkabala na zahanati. Kilikuwa kibanda cha bati kilichopakwa rangi ya njano kali, naye humo ndani aliuza vocha, alibadilisha vioo vya simu na kukaanga maandazi ya magwinya pembeni, vyote kwa mikono ile ile.

"Nifutie," alisema Gaone akiiweka simu mezani. "Kundi, maneno yote, Randa. Vyote."

Seabe alisoma ule ujumbe huku akitafuna. Akaacha kutafuna.

"Huyu bibi umemfanya nini?"

"Nimemwambia siri zangu, ndicho nilichomfanya. Futa, dada."

"Nitafuta, lakini usidanganyike. Mimi nafuta kwako. Yale uliyoyaandika yako kwenye simu za watu. Mtu akishayapiga picha, hata ukiizamisha hii ndani ya mafuta yangu, yako palepale." Alisogeza kidole juu ya kioo. "Halafu kuna jambo lingine. Sauti za shemeji zimo humu humu. Alikutumia kwa njia hii hii. Nikiling'oa kundi na mengine yote, na yeye anaondoka."

Gaone aliinyakua simu.

Sauti za Modisa zilikuwa chache. Nimechelewa, msinisubiri kula. Nunua chumvi. Na ile moja aliyojirekodi akifunga zizi, anaimba wimbo wa kanisani kwa sauti nzito, na mlango wa zizi unalia nyuma yake. Hiyo Gaone aliwahi kuiweka kwenye kundi, siku aliyozidiwa, ili angalau watu wengine duniani wasikie alivyokuwa. Baada ya saa moja aliingiwa na hofu, akaiondoa.

"Basi acha," alisema. "Usiguse kitu."

"Ndiyo maana nakwambia. Ningekuwa mimi ningeanza kwa kuacha kuandika mambo ya..." Seabe aliinua kichwa. Kulikuwa na mtu mlangoni.

Alikuwa mwanamume mrefu, koti limepigwa pasi, kofia ameishika mkononi. Kidole gumba cha kushoto kilikuwa na plasta.

"Habari zenu, bo-mma, mama zangu."

"Nzuri, Rra. Vocha au kioo?"

"Hapana, Mma. Namtafuta..." Macho yake yalimfikia Gaone, yakashuka kwenye gauni jeusi, yakapanda tena usoni, yakakaa hapo. "Namtafuta mtu anayeitwa Jivu."

Gaone alisimama, benchi likaanguka nyuma yake. Kwa miezi alikuwa amemchora mwanamume huyu kichwani, na kila alichokichora hakikufanana naye. Hakumpa utulivu ule wa macho. Hakumpa ile mvi moja moja kidevuni. Alitaka kumtazama mchana kutwa, na papo hapo alitaka ardhi immeze.

"Umenipataje?"

"Kwa maneno yako mwenyewe. Ulisema binamu yako ana kibanda cha njano, mkabala wa zahanati. Siku nyingine ukasema mnasikia kengele za shule mbili kwa pamoja. Ukasema mto uko karibu. Hujanijibu tangu juzi, Jivu. Nikaogopa, nikayaokota yote, nikaja."

"Kama wewe umeyaokota, na mwingine anaweza."

"Sikufikiria hivyo."

"Fikiria sasa!" Sauti ilimpanda, akaishusha. "Jina lako?"

"Ookeditse."

Ndiyo kwanza analisikia. Alitamani kulirudia, akalizuia mdomoni.

"Mimi ni Gaone. Sasa ondoka, Rra. Tafadhali."

"Gaone," alisema yeye, polepole. Akapiga hatua moja ndani, na papo hapo akashikwa na kikohozi. Akageuka pembeni, akakohoa tena ndani ya kofia.

Damu ilimwisha Gaone usoni. Alisukuma mgongo wake kwenye rafu ya vifuniko vya simu. Tangu usichana wake alikuwa akisikia jinsi inavyokuwa: mwanamume akimsogelea mjane ambaye hajatakaswa huanza na kikohozi, kisha hukonda, kisha hakuna hospitali inayomweza.

"Umeanza lini kukohoa?"

"Sasa hivi. Ni mafuta ya magwinya."

"Hey, Rra, usiyasingizie magwinya yangu," alisema Seabe. Lakini na yeye alikuwa ameacha kutabasamu.

"Usije karibu," Gaone alisema. "Nakuomba. Sitaki kukuzika na wewe."

"Sikuja kukugusa." Ookeditse alirudi nyuma mpaka nje ya kizingiti, akasimama juani. "Nimezika mke. Najua nguo hiyo ilivyo nzito, na najua yanayosemwa. Nimekuja ili unione sura, basi. Siku wakikwambia ulikuwa unaandikiana na tapeli, uwe na cha kukumbuka."

Hapo Gaone karibu alie. Badala yake alimnyooshea simu kwa mbali, ili asome ule ujumbe.

"Bibi wa Kisima?" Alikunja uso. "Lakini yeye ndiye aliyeniambia nikuandikie. Mimi nilikuwa naogopa. Akaniambia, mwandikie yule mtoto, usiku wake ni mrefu."

"Basi alitupeleka mpaka ukingoni, ndipo atusukume."

"Labda."

"Wana mtoto wangu, Ookeditse." Jina lilimtoka bila kukusudia. "Wakijua, wanabaki na Wame."

Ookeditse hakusema itakuwa sawa. Gaone alimshukuru kwa hilo moyoni. Alisimama tu, akiizungusha kofia mikononi.

"Sitaandika tena," alisema mwishowe. "Mpaka wakuvue. Siku hiyo ikipita, wajomba zangu watakuja mlango wa mbele, mchana, wamevaa makoti. Wakifukuzwa, wamefukuzwa. Lakini mimi sitakuwa mtu wa kuokotwa kwenye simu."

Simu ikalia mkononi mwa Gaone. Mama mkwe.

"Rudi nyumbani," alisema MmaModisa. "Sasa hivi. Kebonang amepata kitu."

*

Njia ya kurudi ilikuwa fupi. Kila mwanamke aliyempita na simu mkononi alimwona kama anamsoma yeye.

MmaModisa alimvuta chumbani, akafunga mlango, akakaa kitandani. Juu ya mapaja yake kulikuwa na simu yake ndogo yenye kioo kilichopasuka.

"Wame yuko wapi?" Gaone aliuliza.

"Kwa jirani, nimempeleka. Kaa."

"Mama, mimi..."

"Kaa, binti. Hatuna muda. Binti yake Kebonang yuko kwenye lile kundi. Kapiga picha maneno yako na kuyatupa kwenye kundi la kwaya. Leo asubuhi niliona yamefika. Ndiyo maana nilikuandikia uache."

Ilimchukua Gaone muda kuyashika maneno hayo. Uliniandikia. Aliitazama simu iliyopasuka, kisha uso wa mama mkwe wake.

"Wewe ndiye Bibi wa Kisima."

"Nilifiwa na mtoto," alisema MmaModisa. "Ulidhani mimi nalilia wapi? Mbele ya Kebonang?"

Miezi yote hiyo walikuwa wamelala nyumba moja, ukuta mmoja katikati, kila mmoja akimfariji mwenzake gizani bila kujua ni nani.

"Umejua tangu lini, Mama?"

"Tangu ule wimbo." Aliigeuza simu juu ya mapaja. "Nilikuwa natia nyama chumvi. Nikabonyeza tu, nikidhani ni mtu anaimba. Mwanangu akatokea. Mlango wa zizi langu, Gaone. Nilikaa chini sakafuni na mikono yangu yenye chumvi. Nikarudi kutaka kusikia tena, umeshaufuta."

"Nisamehe."

"Sikujua nikuchukie au nije nikugongee mlango. Maana nilikuwa nimeshakwambia mambo. Nilimwambia Jivu ni kijana bado, asiogope, mwanamume mwenye subira asimwache apite. Nilimwambia mtoto wa watu. Ningejua ni mke wa mwanangu, nisingefungua mdomo."

"Na sasa?"

"Sasa sijui nilimwambia nani." Alijifuta macho kwa pindo la shali. "Nikikuona unapita uani, namwona Modisa kando yako. Nikisoma unavyomwandikia yule mtu, nafurahi. Halafu nalala sipati usingizi kwa kufurahi huko."

Gaone alishuka sakafuni, akakaa miguuni pake. Mlango wa nje ukasukumwa bila kubishwa.

"Wifi! Mko wapi humu ndani?"

Shangazi Kebonang aliingia akiwa ameinua simu mbele yake kama mtu aliyebeba taa. Hakukaa.

"Afadhali mko wote. Sikilizeni, nisije nikaambiwa nimeongeza chumvi." Alisogeza miwani. "Hili ni kundi la wafiwa, watu hawatumii majina. Huyu anajiita Jivu. Anasema: nenda salama, Thakadu wangu, wewe uliyekuwa ukiimba ukifunga zizi. Mnasikia? Thakadu! Muhanga, mnyama wa ukoo wetu, anatajwa na watu wa mitandaoni. Na huku chini, huyo huyo Jivu, anamwambia mwanamume: nikisoma maneno yako natamani mchana uishe." Aliishusha simu. "Mjane wa Thakadu. Aliyeimba zizini. Mnataka nichore na picha?"

Gaone alikuwa ameficha jina, mji, sura, hata jina la mto. Lakini alipomuaga mumewe alimwita Thakadu, kama mke yeyote wa ua ule angefanya kaburini. Haikumjia kabisa kwamba hilo nalo humtaja mtu. Kwake lilikuwa heshima tu.

"Wajomba nimeshawapigia," Kebonang alisema. "Wanakuja Jumamosi. Wewe Gaone, anza kupanga nguo zako. Za mtoto ziache."

Gaone alifungua mdomo. Alitaka kusema ndiyo, ni mimi, niueni lakini niachieni mwanangu. Mkono wa MmaModisa ukamshukia begani, mzito, ukamkalisha.

"Apange nguo aende wapi?" aliuliza MmaModisa.

"Wifi, hujasikia nilichosoma?"

"Nimesikia. Nimeyaandika mimi, nitakosaje kuyasikia?"

Kebonang alicheka kidogo, kisha kicheko kikamkauka.

"Umeandika wewe?"

"Mimi si mjane? Kaka yako alikuwa mnyama gani, sungura? Na nani alianza kuimba kwenye lile zizi, kama si yeye? Modisa alijifunza wapi?"

"Lakini kaka alikufa zamani!"

"Kwani kuna tarehe ya mwisho ya kumuaga mtu?"

"Na huyu mwanamume?" Sauti ya Kebonang ilipanda mpaka ikawa nyembamba. "Natamani mchana uishe! Wewe? Na magoti hayo?"

"Magoti yanauma, wifi. Moyo hauumi magotini."

Gaone alimsikia mama mkwe wake akihema. Mkono ule begani ulikuwa unatetemeka, na Kebonang angeinama kidogo tu angeuona. Gaone alijisogeza, akauficha mkono huo kwa shavu lake, kama binti aliyeinama kwa aibu ya kusikia mambo ya wakubwa.

"Mwanamke mzima," Kebonang alinong'ona. "Mke wa kaka yangu. Nitawaambia nini wajomba?"

"Waambie waje Jumamosi hiyo hiyo. Nitawajibu mwenyewe. Na wakishanisema wakashiba, tupange siku ya kumvua mtoto huyu nguo nyeusi, amezivaa vya kutosha."

"Huyo mtu ana jina?"

Chumba kizima kilikuwa kinasubiri. Gaone alifumba macho. Mama mkwe wake hakulijua jina. Kwenye kundi hakukuwa na jina, kulikuwa na Randa tu.

"Kama ni wako kweli, mtaje," Kebonang alisema. Macho yake yalimhama wifi yake, yakatua kwa Gaone, yakakaa hapo.

"Jina lake," alisema MmaModisa, "utalisikia siku wajomba zake watakapolileta. Si kazi ya mwanamke kumtangaza mwanamume. Hilo ulinifundisha wewe, mwaka nilipoolewa humu."

Kebonang alitikisa kichwa kwa muda mrefu. Kisha akatoka, na walimsikia akizungumza peke yake mpaka langoni, na huko langoni akisimama kumpigia mtu simu.

MmaModisa alikuwa amekaa wima, uso umepauka. Wiki isingeisha kabla Tlokweng nzima haijamcheka: kanisani, kwenye misiba, dukani. Jumamosi wanaume wangemkalisha katikati kama msichana. Na Kebonang hakuwa ameamini. Hilo walilijua wote wawili.

"Mama," Gaone alisema, "watakudhalilisha."

"Wacha wanidhalilishe mimi. Mimi hawana mtoto wa kuninyang'anya. Wangu wameshamzika." Alisikiliza kwanza sauti ya Kebonang kule langoni, kisha akainama, mdomo ukakaribia sikio la Gaone. "Jumamosi nitaulizwa tena. Anaitwa nani?"

Katika nyumba ile, chini ya picha ya Modisa, Gaone hakuwahi kufikiri angelitamka. Lilimtoka bila sauti, pumzi tupu.

"Ookeditse."

"Ookeditse," alirudia MmaModisa. Alilisema tena, kwa shida, kama mtu anayemeza dawa anayojua itamsaidia. Machozi yalikuwa yanamtiririka, hakuyafuta. "Haya. Nimelishika. Sasa wewe lisahau, mwanangu. Usilitaje tena humu ndani mpaka tukuvue."